Mama Gundi Anaweka Kibano Chini

Baada ya miaka thelathini na minne kwenye meza ileile ya dirishani, Mama Gundi, fundi wetu mkuu wa vichwa vya santuri, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti. Nimeombwa niandike machache juu yake kwa niaba ya wafanyakazi wote. Tarehe nimeihakiki kwa mhasibu. Miaka nimeihakiki kwa Mama Gundi mwenyewe, naye alisema ni mingi, nisiitangaze sana.

Kwa wageni watakaosoma ukurasa huu: kichwa ni kile kidude kidogo kilicho mwisho wa mkono wa mashine ya santuri, kinachobeba sindano. Viko vya aina mbili. Kuna vya sumaku, ambavyo sindano yake ikichakaa unaichomoa kwa vidole, unachomeka nyingine, maisha yanaendelea. Na kuna vya koili, vingi vikiwa vya zamani, ambavyo sindano yake haichomoki. Imeshikana na waya mwembamba kuliko unywele, uliozungushwa kwa mkono na mtu ambaye pengine hayupo tena duniani. Ncha ya almasi ikilika, wengi hukitupa kichwa kizima. Mama Gundi hakuwahi kulipenda neno "tupa". Yeye huiondoa ncha iliyokufa chini ya hadubini, akabandika mpya, na koili ileile ya zamani ikaendelea kuimba.

Alianza mbele, akiuza santuri kaunta. Mwanzilishi wa duka, baba yake bosi wetu wa sasa, alimwona siku moja akimtungia mumewe uzi kwenye sindano huku akizungumza na mteja na hata haitazami. Mumewe ni fundi cherehani na alikuwa amepita kumsalimia. Mwanzilishi alimwambia aache kaunta aje huku nyuma. Binti yao naye baadaye akawa muuguzi, kwa hiyo nyumba nzima inakula kwa sindano. Binti hupenda kusema kwamba katika nyumba yao ni yeye peke yake ambaye wateja wake hulia. Mama yake humjibu kwamba hajawaona wa kwake wanapotajiwa bei.

Ni yeye pia aliyechora kwa mkono wake lile bango la mlangoni, TUNANUNUA VICHWA VIKUUKUU, ambalo limetuletea mambo. Akina mama wapya wa mtaani walikuwa wakivuka barabara na watoto wao kabla hawajafika kwetu. Askari mmoja aliingia, akavua kofia, akaomba kwa adabu aonyeshwe hivyo vichwa. Mama Gundi alimfungulia droo. Askari alicheka mpaka akashika kaunta, na wiki iliyofuata alirudi na kichwa cha mjomba wake. Mteja mwingine alisimama hapo nje akipiga simu kwa sauti kubwa kwamba kichwa chake hakisikii upande wa kushoto. Mpita njia mmoja alimshika mkono akataka kumpeleka hospitali.

Katika ununuzi hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi. Akifika nyumbani kwa muuzaji haangalii kichwa kwanza, anaangalia santuri. Zikiwa na vumbi, hata kama kisanduku cha kichwa kinameremeta, hukaza uso. Kisha hupima koili kwa mita ya umeme, kushoto na kulia, na ndipo hutoa kioo chake cha kukuzia. Mara moja tu aliingia mtegoni. Alinunua kichwa kizuri ajabu, kimefungwa kwa kitambaa laini, na chini ya hadubini akakuta mtu amebandika kipande cha chupa mahali pa almasi. Hakukitupa. Alikiweka mezani kwake na kukiita Mkwe, kwa sababu kilikuja kimependeza na tangu kifike hakijafanya kazi.

Sasa nieleze jina lake, maana wapya huuliza. Jengo letu lina sakafu ya mbao, na mtu akitembea mapokezi, hadubini hutikisika chumba cha nyuma. Tone la gundi linaloshika ncha ni dogo kuliko nukta niliyoiweka mwishoni mwa sentensi hii. Kwa hiyo kabla ya kulidondosha, yeye huita kwa sauti moja tu: "Gundi!" Hapo duka zima husimama. Hakuna kutembea, kuongea wala kufunga droo, mpaka aseme, "Haya." Bosi amewahi kukutwa na mguu mmoja hewani kwenye ngazi. Mhasibu amewahi kumeza chafya. Mteja mmoja mbishi alikatizwa katikati ya kutaja bei yake, na iliposemwa "haya" akawa ameisahau, ikabidi akubali ya kwetu.

Mwanzoni mwa mwaka huu furaha yetu iliingia doa. Bosi alituita akatuambia ukweli: Mama Gundi akiondoka na hakuna mwingine anayeweza kubadili ncha ya kichwa cha koili peke yake, mwanzo hadi mwisho, meza ya dirishani itafungwa. Hadubini itauzwa, nasi tutabaki kununua na kuuza tu. Vichwa vyenye ncha zilizokufa vitarudishwa kwa wenyewe jinsi vilivyo.

Mtu alikuwepo. Ni fundi saa wetu, aliyekuja kwetu watu walipoanza kutazama saa kwenye simu zao. Ana mkono mtulivu na jicho zuri. Lakini hakuwa amewahi kumaliza kichwa hata kimoja cha koili, na sababu tuliijua sote. Mama Gundi, na nasema hili kwa upendo na kwa ruhusa yake, ana udhaifu mmoja. Husimama nyuma ya mtu anayefanya kazi, hutazama, hukohoa kidogo, kisha husema, "Lete kidogo, kaka." Na hiyo kidogo huwa ndiyo kazi yote. Fundi saa alikuwa akikaa pembeni, mikono mapajani, akitazama kazi yake ikimalizikia mikononi mwa mwingine.

Siku moja alishindwa kuvumilia. "Dada, niache basi nikosee!"

"Ukosee kichwa cha nani?" alimjibu. "Hiyo koili ukiikata, nani ataizaa tena?"

Wote wawili walikuwa na haki, na hapo ndipo palikuwa pagumu. Miezi ilikwenda namna hiyo. Bosi aliacha kuuliza, na hilo lilitutia hofu kuliko alipokuwa akiuliza.

Mwezi uliopita alikuja dereva wa treni mstaafu na kichwa chake cha koili cha tangu ujana. Ncha ilikuwa imelika mpaka kwenye kijiti kinachoibeba. Alisema wazi kwamba hataki mwingine akiguse ila Mama Gundi. Mama Gundi alikitazama muda mrefu kwa kioo. Sisi tulisubiri akipeleke mezani kwake. Badala yake alimwambia, "Baba, mimi naondoka. Kikiharibika mwakani utanifuata mpaka jikoni kwangu?" Akamgeukia fundi saa, akamkabidhi. Kisha akachukua mkoba wake, akatoka chumba cha nyuma, akaja kukaa nami mapokezi, kwenye benchi la wateja.

Ilikuwa asubuhi ndefu. Aliniuliza hali ya wazazi wangu, nikamwambia hawajambo. Aliomba chai. Aliniuliza tena hali ya wazazi wangu. Kutoka nyuma hakukuwa na sauti yoyote ila kiti kikisogezwa, na kila kiliposogezwa aliuinua mwili wake nusu, kisha akaurudisha. Mikono yake aliikalia.

Ndipo sauti ya kiume, yenye kukwaruza kidogo, ikatoka chumba cha nyuma: "Gundi!"

Hakuna aliyewahi kuliita neno hilo isipokuwa Mama Gundi. Tulisimama. Na Mama Gundi, ambaye kwa miaka yote hajawahi kuamriwa nalo, alibaki na kikombe karibu na mdomo, hanywi wala hakishushi. Fundi saa alituweka muda mrefu kuliko ambavyo Mama Gundi mwenyewe amewahi kutuweka. Mvuke wa chai uliisha. Mkono wake ulianza kuchoka, nikaona chai ikipanda ukingo wa kikombe, na bado hakutikisika. Hakukohoa. Hakusema "lete". Iliposikika "Haya," alishusha kikombe, akafuta kidevu, akasema chai imepoa.

Gundi iliachwa ikauke, na siku ya pili dereva wa treni alikuja na santuri anayoipenda. Bosi alishuka kutoka ofisini kwake kusikiliza. Mama Gundi aliketi kwenye kiti cha mteja, akafumba macho. Santuri ilianza na mkwaruzo wake wa uzee, halafu sauti ikafunguka upande wa kushoto na wa kulia kwa pamoja, safi. Dereva alitoa kitambaa akajifanya anapangusa miwani. Upande wa kwanza ulipoisha, alimpa mkono fundi saa akamwita fundi, bila kuongeza neno "saa".

Tulimwangalia Mama Gundi. "Ile raba ya kushikia kijiti ningeilainisha zaidi kidogo," alisema. "Lakini kimekaa."

Bosi alipanda ngazi, na jioni hiyo tukapata taarifa kwamba hadubini haiuzwi.

Ningeweza kuishia hapo, lakini sitaki kuacha jambo la Jumatano ya wiki hii. Kulikuwa na foleni ya watu wanne kaunta, na Mama Gundi alikuwa mmoja wao, nyuma ya kijana mwenye boksi la vichwa vya marehemu babu yake. Nilimwomba apite, akakataa. Zamu yake ilipofika alifungua kitambaa, kile wanachokitumia mafundi cherehani kufutia mashine, akaweka juu ya kaunta kichwa cha koili cha nyumbani kwake. Ndicho alichonunuliwa na mumewe mwaka waliooana. Ncha yake imekufa zamani. Miaka yote hakupata nafasi ya kukitengeneza, na hakumwamini mtu mwingine akiguse.

Nilimuuliza, kama ninavyomuuliza kila mteja, angependa kihudumiwe na nani. Alimwonyesha kwa kidevu fundi saa, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma.

"Dada," fundi saa aliuliza taratibu, "utakuja kusimama nyuma yangu?"

"Nitakuwa nyumbani," alijibu. "Mkimaliza nipigieni."

Mama Gundi, kwa niaba ya bosi, mhasibu, fundi, na sisi wa mapokezi, tunakushukuru kwa kila sauti uliyoirudisha kwenye nyumba za watu. Tunakuombea afya, macho mazima, usingizi wa mchana usiokatizwa na kengele ya mlango, na mumeo tunamwombea uvumilivu siku utakaposimama nyuma ya cherehani yake. Kichwa chako ni cha tatu kwenye foleni. Kikiwa tayari, tutapiga simu.