Mama Utarudi na Dawati la Pili

Mama Utarudi, mkuu wa kitengo cha utafiti katika ofisi yetu ya utalii, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Jina lake rasmi limo kwenye hati za mshahara. Hapa ofisini halitumiki.

Jina la Mama Utarudi lilitoka uwanja wa ndege. Enzi zake za kuwahoji watalii, wahoji wenzake walikuwa wakiwasubiri wageni wanapowasili. Yeye alihamia ukumbi wa kuondokea. Mgeni anayewasili, alisema, bado ana adabu. Anayeondoka, mizigo ikishapita, husema yaliyo moyoni. Swali lake la mwisho lilikuwa moja tu: "Utarudi?" Mzee mmoja aliyekuwa akikimbilia ndege alimjibu, "Mwanangu, niache kwanza niondoke!" Kisa hicho amekisimulia kwenye kila semina, na kila mara hucheka kabla ya wasikilizaji.

Wageni walikuwa wakiongezeka kila mwaka, nasi tukipongezana. Yeye ndiye aliyetuharibia sherehe. Alionyesha kwamba wasafiri duniani walikuwa wakiongezeka haraka zaidi, hivyo fungu letu kati yao lilikuwa likipungua. Mkurugenzi wa wakati huo aliuliza kama ni lazima jambo hilo lisemwe mbele ya waandishi wa habari. Lilisemwa.

Sababu ya kupungua huko ndiyo iliyomnyima raha. Mwanzoni aliilaumu nauli, akaandika ripoti nzima, na ofisi ikajiandaa kuyapa mashirika ya ndege ruzuku. Kabla mkataba haujatiwa saini, alichukua likizo yake, akaenda nchi jirani, akaketi kwenye ukumbi wao wa kuondokea na kuwauliza watalii kwa nini hawakuja kwetu. Nauli, walimwambia, ni ileile. Walichokwepa ni viza isiyojulikana itatoka lini, na foleni ya madawati mawili uwanjani kwetu, la pili likiuliza yaleyale ya la kwanza. Mama mmoja mwenye watoto watatu, aliyewahi kupitia kwetu, alimwambia, "Dada, kwenu ni kuzuri. Ila mlangoni mnatuchosha."

Aliporudi, alisimama kikaoni na kuomba ripoti yake mwenyewe iwekwe kando. Mwezi huohuo ukuu wa kitengo ulikuwa ukijadiliwa, ukaenda kwa mwingine. Yeye aliupata miaka minne baadaye. Hakuna aliyemsikia akilalamika, ingawa chai ya kitengo, iliyokuwa zamu yake kupika, ilikosa sukari wiki nzima.

Aliendelea kulipigia kelele dawati la pili mbele ya wakurugenzi watatu. Liliondolewa mwaka juzi. Viza sasa ina siku yake ya kutoka. Fungu letu halijapanda bado, ila limeacha kushuka. Rasimu ya ripoti ya mwisho ilipomfikia ikisema "mafanikio makubwa", alikata "makubwa" na kuirudisha.

Sasa anajiandaa kusafiri na mumewe, fundi saa, ambaye hajawahi kumwona kwenye ukumbi wa kuondokea akiwa na begi la matembezi. Ijumaa iliyopita, alipofika mlangoni baada ya chai ya kumuaga, ofisi nzima ilimuuliza kwa pamoja: "Utarudi?" Alijibu kwamba atarudi, na atapanga foleni kama mgeni mwingine yeyote, aone kama tumelirudisha lile dawati.

Asante, Mama. Tunakuombea afya, mapumziko marefu na safari zisizo na maswali. Karibu tena wakati wowote. Utakuta dawati moja tu.