Mechi ya Binti wa Pindo

Pembeni ya kibanda cha fundi cherehani, pale ukuta unapotoa kivuli, pana benchi lenye mguu uliofungwa waya. Hukaliwa na wanaume wenye kazi zao, ila siku hiyo kazi zilikuwa zimewekwa kando. Fundi mwenyewe, wanayemwita Pindo, alikuwa ameacha suruali ya mtu ikining'inia kwenye sindano. Binti yake aliyesajiliwa ng'ambo alipangwa kuanza mechi kwa mara ya kwanza, na mpira wa wasichana televisheni gani itajisumbua kuuonyesha? Ikabaki mitandao ya bure. Simu ya Pindo iliegemezwa kwenye birika la kahawa lililokaa juu ya benchi, na kwenye kioo kiduara kilikuwa kinazunguka, kinazunguka tu, mpaka roho ya Pindo nayo ikaanza kuzunguka.

— Bonyeza hapo pa kufungia tangazo, alisema Kinyozi wa kibanda cha jirani.

— Nimebonyeza. Limekuja la dawa ya kuotesha ndevu.

— Hapo sipo penyewe. Penyewe ni kale kadogo.

— Kadogo kapi? Kidole changu kimezoea vitambaa, hakijazoea kuwinda chawa!

Akabonyeza tena. Simu ikampongeza kwa kushinda gari. Akalifunga gari. Ikamtaka athibitishe kuwa yeye ni binadamu.

— Mtu mzima na mvi zako unaulizwa hivyo! Dalali wa vyumba akacheka. Jibu upesi kabla hawajabadili mawazo.

— Nyamaza wewe. Mtoto yuko uwanjani.

Picha ikaja. Nyasi, miguu, mtu akanyanyua guu apige. Ikaganda hapo hapo.

— Mmeona? Dalali akaruka. Makusudi hayo! Wana mtu wao huko, kazi yake kunusa bao. Akilinusa tu, anakanyaga waya.

— Acha uongo, alisema Kinyozi. Tatizo ni macho. Simu moja inatazamwa na watu watatu, picha lazima igawanyike. Dalali, fumba kidogo.

— Nifumbe mimi? Fumba wewe, uliyekuja huku hata hujui nani anacheza na nani.

— Fumbeni wote wawili! Pindo alifoka.

Wakafumba, watu wazima na akili zao. Kiduara kikazunguka vile vile.

— Basi nimejua, alisema Dalali, jicho moja limeshafunguka. Ni benchi. Mechi inachezwa upande ule, sisi tumeupa mgongo. Mawimbi yanatupiga kisogoni, yatafikaje kwenye simu?

Siku nyingine Pindo angemfukuza. Siku hiyo aliinuka wa kwanza. Wakalibeba benchi kuligeuza, waya wa mguu ukakatika, birika likalala chali. Pindo akadaka simu, kahawa akaiacha iende zake barabarani.

— Imesogea! Jamani imesogea!

— Si nilisema? Mkanidharau.

— Binti yangu huyo! Huyo anayekimbia! Mwoneni mbio zake!

Kinyozi akainama, akatazama vizuri.

— Kaka, huyo ni mwamuzi.

Ikaganda tena. Hapo ndipo dada mkubwa wa Pindo alipotokea, amefuata gauni lake, akakuta wanaume watatu wameinua simu juu kama wanaianika.

— Mna nini ninyi?

— Njoo, dada, njoo! Mwanao anacheza ng'ambo leo.

— Ala! Wifi hajaniambia. Anacheza nafasi gani?

Kinyozi akamtazama Dalali. Dalali akatazama kikombe chake kitupu. Pindo akafungua mdomo. Kiuno cha mtoto yule alikijua bila futi. Bukta zake zote alizishona yeye, tangu anacheza kiwanja cha nyuma ya soko. Kiwanjani kwenyewe hakuwahi kufika. Mechi ni jioni, na jioni ndiyo saa ya wateja.

— Nafasi... alisema. Nafasi yake...

Kiduara kikatoweka. Picha ikatulia, safi, haikatiki: uwanja mzima umepigwa kutoka juu, wasichana wadogo kama vifungo, kila timu jezi za rangi moja.

Dada mtu akavaa miwani, akamsukuma Kinyozi pembeni.

— Haya, picha hiyo. Yupi sasa?

Pindo akaisogeza simu karibu na macho. Kisha akaipeleka mbali. Kisha akaisogeza karibu tena.