Salamu za Nyanjige kwa Mjukuu Wake

Wasikilizaji wapendwa, mwangaluka, habari za asubuhi. Mlio shambani mnapalilia pamba na simu mfukoni, mlio jikoni, mlio njiani, tusogeleane kidogo. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu hamkuwahi kumwona, lakini jina lake mnalijua. Nyanjige wa Dutwa. Yule bibi wa salamu. Nyanjige wa Dutwa hatunaye tena. Amezikwa Alhamisi nyumbani kwake, jirani na zizi.

Kila Jumapili salamu zake zilikuwa zile zile. "Namsalimia mjukuu wangu Joakim, mlinzi wa kiwanda cha pamba, Bariadi. Mwambieni maziwa yapo." Tulizisoma hapa, na wengine mlicheka. Bibi huyu na maziwa yake! Basi leo mtaijua habari ya maziwa hayo. Joakim mwenyewe ameniruhusu niwaambie.

Joakim alifiwa na mama yake akiwa mchanga. Nyanjige ndiye aliyemlea, ndiyo maana alimwita mayu, yaani mama. Shule alichelewa kuanza. Wenzake wako darasa la tatu, yeye bado yuko nyuma ya mikia ya ng'ombe. Likumbukeni hilo la kuchelewa, wasikilizaji, maana lilikuja kumtafuta baadaye.

Alipofika kidato cha tano alipangiwa shule moja kule Maswa. Mwalimu wake wa jiografia, Danford, alimtazama akikimbia, akatazama na alama zake za darasani. Akamwambia, "Wewe kichwa unacho na miguu unayo. Kawe ofisa wa jeshi." Neno hilo likamkaa moyoni. Alfajiri wenzake wakivuta shuka, Joakim anazunguka kiwanja. Jioni anapiga pushapu nyuma ya bweni mpaka mikono inatetemeka. Hesabu, ambayo hakuipenda hata kidogo, akaing'ang'ania, kwa sababu chuo cha maofisa hakichukui miguu peke yake.

Likizo ikifika, mkufunzi alikuwa Nyanjige. Bibi yule hakuwa na saa. Alikuwa na sufuria ya maziwa. Anaibandika mekoni, anasema, "Kimbia mpaka barabarani, urudi kabla hayajafurika. Yakimwagika, leo wewe si askari." Joakim anatimua vumbi. Anarudi anahema, anakuta maziwa ndiyo yanapanda. Hayakuwahi kumwagika hata siku moja. Kisha wanakaa pamoja, anayanywa yakiwa ya moto.

Kidato cha sita alifaulu. JKT akaenda, akamaliza. Akaitwa kwenye usaili wa maofisa. Mwaka ule ulikuwa wa mwisho kwake, kwa sababu mwaka uliofuata umri ungekuwa umepita. Nasema tena: ulikuwa mwaka wake wa mwisho.

Nyanjige angenyamazaje? Alituma salamu hapa hapa redioni. "Joakim wangu ameitwa jeshini, anakwenda kuwa mkubwa wa askari!" Dutwa nzima ikasikia. Jioni watu wakaja kumpongeza, wakala, wakacheka. Walipoondoka, bibi akaingiwa na hofu.

"Wote wamesikia," alimwambia mjukuu wake. "Si wote waliofurahi. Usitoke hapa mwili mtupu. Utachanjwa."

"Mayu, wamesema mwili usiwe na alama."

"Chale ni ndogo. Shati litafunika."

"Huko tunavuliwa shati."

"Padri ameiombea roho yako. Mwili nani ataulinda?"

Joakim angeweza kukataa. Lakini aliyekulea unamkatalia kwa mdomo upi? Mganga akaja na wembe, akamchanja kifuani, kwenye viwiko na vifundo vya miguu, akapaka dawa nyeusi. Siku ya usaili ilipofika, vifundo vilikuwa vimevimba na kifua kinatoa usaha. Daktari akamwambia avue shati. Akatazama. Akauliza ni nini hiki. 

"Vaa nguo, kijana."

Ikawa imekwisha. Alfajiri zote zile, pushapu zote zile, akarudi nazo nyumbani.

Aliingia uani akamkuta bibi ameshabandika maziwa. Hakukaa. Alisema, "Mayu, ulikuwa unawaogopa majirani bure. Aliyenimaliza yuko humu ndani." Akachukua begi, akaenda Bariadi. Hakurudi tena bibi akiwa hai.

Leo ni mlinzi. Sare anayo, buti anazo, kirungu anacho. Anayapigia saluti malori ya pamba. Kwenye kibanda cha lango kuna redio ndogo, na Jumapili sauti ya kipindi hiki ikitaja jina la Nyanjige, mkono wa Joakim ulikuwa ukienda kwenye kitufe. Anahamia stesheni nyingine. Miaka yote hiyo bibi anasalimia, mjukuu anahama.

Bibi alipougua, Joakim alipelekewa habari. Akasema atakwenda akimaliza zamu za wiki ile. Alikwenda, akakuta turubai limeshafungwa uani.

Pale msibani jirani yao, Generoza, alikaa karibu naye. Huyu ndiye aliyekuwa akituma zile salamu kwa simu yake. Akamwuliza, "Hivi wewe ulidhani maziwa yale yalikuwa yanakungoja yenyewe? Bibi yako alikuwa akikuona bado uko mbali, anachomoa kuni. Ukikaribia geti, anazirudisha." Joakim aliinuka. Alikwenda mekoni, akatazama kuni zilivyopangwa, akakaa pale pale.

Juzi alinipigia simu. Aliongea taratibu. "Msiseme nimemsamehe," aliniambia. "Mtakuwa mnawadanganya watu. Hasira ninayo, nimemzika nayo. Lakini habari ya kuni ningeijua mapema, ningekwenda."

Mimi nina uchungu, wasikilizaji, na sina mtu wa kumlaumu nikatulia. Bibi alipenda, akaharibu. Kijana aliumia, akanyamaza. Familia yote ya Nyanjige kule Dutwa, nawe Generoza, na waumini wenzake wa kigangoni, poleni sana. Mungu ampumzishe. Na wewe unayenisikia, kama kuna mtu anakutumia salamu nawe unahama stesheni, endelea kukasirika ukitaka, lakini kwanza mwitikie.

Joakim ameniomba nimsomee salamu moja. Ni ya kwanza na haina majibu. Naisoma kama alivyoisema.

"Mwangaluka, mayu. Ni Joakim, nipo mekoni. Nimeyabandika mwenyewe, yamemwagika."