Historia ya Kaka Yetu, Fundi Dakika Kumi

Wafiwa wenzangu, majirani, mafundi na wateja wa marehemu, mimi ni mdogo wake, wa mwisho kwa mama yetu, nimepewa karatasi hii kwa kuwa sauti yangu inafika nyuma, na nitaisoma kama alivyoniandikia binti yake mkubwa, isipokuwa sehemu moja niliyoiongeza kwa mkono wangu.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya bibi, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne, akaanza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza sekondari mwaka 1978, kisha akasomea umakanika katika chuo cha ufundi hadi Desemba 1981, na mama alipenda kusimulia kwamba akiwa na miaka sita alifungua saa ya ukutani, akairudishia, ikabaki skrubu moja mkononi, na saa ikaendelea kutembea kama kawaida.

Tarehe 3 Mei 1982 aliajiriwa katika karakana ya idara ya maji, akafanya kazi huko miaka kumi na minne, na mwaka 1996 akafungua karakana yake mwenyewe, ile yenye mlango wa bluu nyuma ya duka la mikate, ambayo wengi wenu mmesimama mlangoni pake mkisubiri amalize kuongea na mashine ndipo aongee na nyinyi.

Alifunga ndoa na shemeji yetu tarehe 6 Agosti 1988, na siku hiyo pampu ya ukumbini iligoma, jikoni hakukuwa na tone la maji, bwana harusi akapotea, akakutwa nyuma ya ukumbi amelala chini ya bomba na suti yake, ndiyo maana katika picha ile ya sebuleni mkono wake mmoja umefichwa, maana ulikuwa na grisi hadi kwenye kiwiko, na shemeji hakuacha kumtania kwa hilo. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza ni muuguzi, wa pili ni dereva, wa tatu yuko chuoni, na wajukuu wawili.

Sasa hapa lazima niseme habari ya moto. Tarehe 19 Septemba 1998, siku ya Jumamosi, saa kumi alasiri, moto wa nyikani ulishuka kutoka mlimani ukateketeza nyumba kumi na moja, na moja kati ya hizo, ya mwalimu mmoja mstaafu, ilikuwa na vinyunyizio juu ya paa, tangi limejaa, na pampu nzuri ya umeme ambayo kaka aliichagua na kuifunga yeye mwenyewe, lakini nguzo za umeme ziliungua kabla ya nyumba, pampu ikazimika, na mwalimu akasimama barabarani akitazama. Mwalimu hakumlaumu. Kaka alijilaumu vya kutosha, wiki ile ile alikwenda kwa kila mteja kwa miguu, akawaambia kwamba aliwachagulia vibaya, na tangu siku hiyo hakufunga tena pampu ya vinyunyizio isiyokuwa na injini yake ya petroli.

Alikuwa mgumu katika hilo, mnamjua. Ukimwambia unataka pampu kubwa kama ya jirani, alikuuliza kwanza tangi lako linabeba maji kiasi gani, paa lina urefu gani na vinyunyizio ni vingapi, kisha akakuambia kwamba pampu kubwa kwenye tangi dogo itakupa mvua ya robo saa na baada ya hapo utabaki na kelele tu. Akishamaliza kufunga, alitundika kadi ukutani kwa msumari, na kila Jumamosi saa kumi alasiri ilikupasa uwashe pampu, uiache dakika kumi, uhakikishe kinyunyizio cha mwisho kinatoa maji, kisha uandike tarehe na utie sahihi, na kila baada ya miezi mitatu umwage petroli ya zamani uweke mpya. Ndivyo alivyopata jina la Dakika Kumi, na ndivyo mtaa wetu ulivyozoea kunguruma wote kwa pamoja kila Jumamosi.

Mwaka 2019 alianza kuugua mapafu, daktari akamkataza vumbi, moshi na kuvuta kitu chochote kizito, basi mwezi Februari 2022 akanikabidhi mimi pampu ya nyumbani kwake, kwa kuwa nilikuwa nakaa chumba cha uani bila kazi.

Hapa ndipo nilipoongeza. Kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huu wa 2023 hadi tarehe 21 Oktoba, Jumamosi kumi na saba, nilitia sahihi kwenye kadi ile na sikuwasha pampu. Masikio ya kaka yalikuwa hayasikii vizuri kwa kuchoshwa na injini, shemeji saa hizo huwa dukani, na pampu za mtaa mzima zikinguruma hakuna anayejua ipi imenyamaza. Sababu ya maana sina, nilikuwa natazama mpira.

Alhamisi tarehe 26 Oktoba, saa nane mchana, moto ulishuka tena, umeme ukakatika, shemeji akaondoka na wajukuu, nami nikavuta kamba ya pampu hadi viganja vikachunika, haikuwaka, petroli ilikuwa imeoza na kuziba kabureta. Kaka alitoka ndani na kitambaa kibichi usoni, akanisogeza, akaifungua kabureta ndani ya moshi ule, akaisafisha, akajazia petroli mpya kidogo juu ya ile ya zamani, akavuta kamba mara mbili, na maji yakapanda. Nyumba ipo, mmeiona mlipokuja.

Alilazwa jioni ile ile. Hakunigombeza hata siku moja, na ningeshukuru kama angenigombeza. Aliniuliza tu kama nimeshamwaga ile petroli ya zamani, nikamjibu ndiyo, akafumba macho, na hiyo pia haikuwa kweli. Alifariki Jumatano tarehe 8 Novemba, saa tano asubuhi, akiwa na miaka sitini na miwili. Jana nilimweleza shemeji haya yote, akaniambia niyasome.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mapafu, majirani waliotupokelea wajukuu, mafundi wenzake waliofunga karakana zao kuja hapa, na yule mwalimu mstaafu, ambaye amekaa safu ya mbele.

Leo ni Jumamosi, na saa kumi inakaribia. Mkifika nyumbani, tafadhali, washeni.

Pumzika kwa amani, kaka. Petroli nimeimwaga.