Vidole Vilivyojua Njia ya Damu

Huyu tuliyemzunguka leo alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha duka la fundi cherehani, huku mteja akisubiri suruali yake mbele. Mteja yule aliambiwa arudi kesho. Marehemu alikuwa kifungua mimba wa fundi na mkewe, na miaka sita baadaye akampata mdogo wake wa kiume, ambaye yuko hapa nasi. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Vidole, na wengine hamkuwahi kujua kama alikuwa na jina jingine. Mwenyewe hakuona haja ya kuwasahihisha.

Mama yake mzazi alifariki mwezi Agosti 1960, marehemu akiwa na miaka tisa. Fundi hakuoa tena. Aliwalea wanawe wawili pembeni ya meza ya kukatia vitambaa, na umeme ulipokatika alimfunga binti yake macho kwa kipande cha khanga, akamwekea nguo mapajani na kumwambia autafute mshono. Alimkataza kuharakisha. Alimwambia aache kidole kisikilize. Binti alidhani ni mchezo wa kupitisha muda, na kwa miaka mingi hakuujali.

Alisoma shule ya msingi nyuma ya karakana ya reli, kisha sekondari ya bweni, ambako alimaliza kidato cha nne mwaka 1969. Alipotangaza kwamba anakwenda chuo kusomea maabara, hasa mambo ya damu, baba yake alisema atamshonea koti jeupe yeye mwenyewe. Mdogo wake anakumbuka kwamba koti lile, kazi ya nusu siku, lilimchukua fundi siku tatu, na ukosi aliufumua mara mbili. Januari 1971 binti akaondoka nalo.

Hapa anayesoma wasifu huu, binti yake mkubwa, alitaka kuruka jambo moja. Marehemu, akiwa bado hai, alikataa. Alisema, "Ukiruka hapo, nitainuka nikusahihishe mbele za watu." Kwa kuwa sote tunamjua, haturuki.

Mwezi Mei 1972 mwalimu wa chuo aliwaagiza wanafunzi wapime makundi yao ya damu, kisha kila mmoja ampime ndugu yake wa karibu, na majibu yabandikwe ukutani. Yeye alikuwa AB. Fundi alisafiri siku nzima kuja kumtembelea, akakunja shati na kunyoosha mkono kwa fahari. Damu yake ilikuwa O. Binti akarudia kipimo, akarudia tena. Somo la wiki iliyotangulia lilikuwa limewafundisha kwamba mzazi wa kundi O hazai mtoto wa AB. Nje, kwenye benchi, fundi alikuwa akiwaeleza wanafunzi wengine namna ya kukunja pindo la suruali.

Akachukua kalamu, akaandika B, kundi linaloweza kuzaa AB. Akatia saini kwenye kadi na kumpa baba yake, naye akaiweka kwenye pochi kama hati ya nyumba. Katika maisha yake yote ya kazi, hilo ndilo jibu pekee la uongo aliloandika.

Aliajiriwa hospitali mwezi Februari 1974, na kwa miaka thelathini na saba alikaa katika chumba cha kutolea damu chenye kiti kimoja cha chuma na dirisha linalotazama dobi. Hapo ndipo mchezo wa kitambaa ulipomrudia. Mishipa iliyowashinda madaktari, ya vichanga, ya wazee, ya watu waliokauka kwa kuhara, yeye aliipata akiwa amefumba macho. Alifunga mpira juu ya kiwiko, akaweka vidole viwili, akanyamaza, halafu sindano ikaingia mara moja tu. Daktari mmoja mkubwa alizoea kusimama mlangoni kumtazama.

Tarehe 2 Septemba 1978 alifunga ndoa na dereva wa gari la wagonjwa, ambaye kwa miezi saba alikuwa akija kupimwa malaria asiyokuwa nayo. Walijaliwa watoto watatu.

Alhamisi, tarehe 17 Julai 1986, saa nane mchana, fundi alianguka kutoka kwenye ngazi ya dukani na kupasuka bandama. Mkwewe ndiye aliyemleta hospitali. Marehemu alipofika maabara alimkuta mwenzake ameshatoa chupa ya damu kwenye jokofu, anaelekea nayo mlangoni. Chupa ilikuwa ya kundi B. Alimuuliza kama amempima mgonjwa kwanza, kama sheria inavyotaka. Mwenzake akamwonyesha kadi iliyotolewa kwenye pochi ya mzee, akasema saini ni ya Mama Vidole, na yeye ni nani hata ampime Mama Vidole mara ya pili.

Mgonjwa wa kundi O akitiwa damu ya B huweza kufa. Kunyamaza kungemuua baba. Kusema kungemwondolea baba, mbele ya mumewe, wauguzi na mdogo wake aliyekuwa ukumbini analia. Akaishika ile chupa kwa mikono miwili. "Kadi hii ni ya uongo," alisema. "Mzee ni O. Niliandika mimi, nikijua."

Mumewe alikuwa O. Alikaa kwenye kiti cha chuma na kunyoosha mkono. Mkewe ndiye aliyemtoboa.

Siku ya nne fundi alipoweza kuongea, binti alipiga magoti kando ya kitanda na kumweleza yote. Alimwambia kwamba aliogopa baba akijua yeye si damu yake, angempoteza. Fundi alimsikiliza hadi mwisho.

"Mama yako aliniambia kabla sijamwoa," alisema. "Ulikuwa na miezi minne tumboni. Aliyeogopa ni mimi, mwanangu, tangu siku uliyosema unakwenda kusomea damu. Lile koti nililishona nikijua."

Marehemu alipewa barua ya onyo kwa kadi ile, naye akaibandika ukutani na kuisoma kwa kila mwanafunzi mpya. Fundi akaishi miaka kumi na mitatu zaidi, akimlaumu mkwewe kwamba tangu atiwe damu ya dereva hawezi kuvuka barabara bila kutamani kupiga honi.

Marehemu alipenda sana vitabu, na aliwakosoa waandishi bila huruma. Akikuta mhusika ambaye damu yake imechemka, aliandika pembeni kwa penseli: "Amekufa ukurasa huu." Lakini yeye mwenyewe alikuwa na daftari alilokusanyia yote wanayoyasema watu juu ya damu: damu changa, damu baridi, damu zilizoendana. Katikati yake tumekuta beti zake mwenyewe, na mmoja unasema:

Mshipa hauna jina, wapita tu mkononi,
Haumuulizi mwana, katoka ukoo gani.

Mwaka 2022 uboho wake ulianza kushindwa kutengeneza damu. Daktari alimuuliza kama babake mzazi alikuwa na ugonjwa wa kurithi. Yeye, aliyelijua swali hilo kuliko daktari, akajibu: "Andika fundi cherehani. Nimerithi vidole." Daktari akaandika. Kundi lake hupokea damu za makundi yote, akaongezewa chupa arobaini na moja za watu asiowajua, na kila ilipokwisha moja alituambia sasa tumtafutie ukoo upya. Mwishoni mishipa yake ilijificha. Nesi kijana alijaribu mara tatu, machozi yakamlengalenga. Marehemu akamwambia afumbe macho, akakishika kidole chake na kukiongoza taratibu. "Umeusikia?" aliuliza. Nesi akasema, "Nimeusikia, bibi."

Alifariki Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitatu.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, mdogo wake wa kiume, na nesi yule, ambaye ameomba atajwe hapa na familia imekubali. Kama alivyoagiza, tumemvika koti jeupe la mwaka 1971. Tulidhani halitamtosha. Tulipogeuza pindo tukakuta fundi aliacha kitambaa cha ziada kila upande, cha kuongeza atakaponenepa. Tukafumua, tukaongeza, likamkaa sawasawa.

Alale kwa amani, mtoto wa fundi.