Delbert Puaoi, Aliyetushikia Nafasi Kahaone

Ndugu, jamaa, wafanyakazi wenzake marehemu, na ninyi majirani mliosimama kule upande wa pili wa kamba, mimi naitwa Vernadette, ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, na nimepewa karatasi hii niisome kwa sababu kaka yetu mkubwa Harlan, aliyeiandika, anasema sauti yake haitafika mwisho. Nimeisoma nyumbani mara tatu. Imeandikwa vizuri, ila ina mstari mmoja ambao siwezi kuusoma, na tukiufikia nitawaambia.

Marehemu Delbert Kapono Puaoi alizaliwa siku ya Alhamisi tarehe 9 Mei 1957 hapa Honolulu, mtoto wa pili kati ya watatu wa marehemu Solomon Puaoi, aliyekuwa mpakuzi wa shehena bandarini, na marehemu mama yetu Eunice. Mwaka wake wa kwanza ulifanyiwa sherehe hapahapa katika bustani ya pwani ya Kahaone, Jumamosi tarehe 10 Mei 1958, kama ilivyo desturi yetu kwamba mtoto akitimiza mwaka ukoo mzima unakula, na baba alikuja siku moja kabla, akatandika mkeka kwenye majani, akaweka mawe manne kwenye pembe zake nne, akakaa juu yake mpaka shughuli ilipoanza. Ndivyo nafasi inavyoshikwa Kahaone. Mkeka wenyewe hautoshi, lazima mtu akae.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu Kalihi kuanzia Septemba 1963, akahitimu sekondari Juni 1975, na sitawadanganya kwamba alikuwa hodari, mama alikuwa akisema Delbert huenda shule kukisindikiza chakula chake cha mchana. Mwezi uleule aliohitimu aliajiriwa katika kiwanda cha kusindika mananasi, akafanya kazi huko mpaka kilipofungwa mwaka 1991, na kuanzia tarehe 3 Februari 1992 akaingia kampuni ya kukodisha mahema, meza na viti vya sherehe, ambako alidumu miaka ishirini na moja. Wenzake wako hapa, wale wenye mashati ya kijani. Harusi nyingi za kisiwa hiki, na sherehe nyingi za watoto wa mwaka mmoja, zimefanyika chini ya hema alilolisimamisha yeye, na msimamizi wake alikuwa akimtania, "Dela, siku ukifa wewe sisi tutaolea kwenye mvua."

Alifunga ndoa na Charlene Tavares tarehe 18 Juni 1983, wakajaliwa mtoto mmoja, Kehau, aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba 1985 na ambaye amesafiri kutoka Las Vegas kuwa nasi leo. Ndoa hiyo ilivunjika mwaka 2003, bila matusi, na Charlene yupo hapa pia, amepika wali, namshukuru. Mama yetu alifariki tarehe 17 Februari 2009, nyumba ya Kalihi ikauzwa mwaka 2012, Harlan akahamia Las Vegas, mimi nikahamia kwa mwanangu kwenye vyumba viwili, na Delbert akapanga chumba, akaumia mgongo kazini, akaacha kazi Septemba 2013, na mwisho wa Machi 2014 chumba nacho kikamshinda.

Sasa tumefika kwenye ule mstari. Karatasi inasema, "Hadi mauti yanamfika, marehemu alikuwa akiishi kwa dada yake." Dada yake ni mimi, sina mwenzangu. Harlan ameandika hivyo kwa kunisitiri, na kumsitiri Kehau, lakini Delbert hakuishi kwangu hata siku moja, na nimechoka, sina nguvu ya kusema uongo mbele ya watu ambao kila Jumamosi walikuwa wakimwona alipokuwa.

Jumapili ya Pasaka, tarehe 20 Aprili 2014, tulikutana hapa kama kila mwaka, na kama kila mwaka yeye ndiye aliyetangulia tangu Ijumaa kutushikia nafasi, kwa sababu tangu aanze kazi mama alikuwa akimtuma yeye, na mama alipofariki sisi tukaendelea kumtuma. Tulikula, tulicheza na watoto, tukalala, na Jumatatu mchana tukaanza kupakia magari. Akasema, "Nyie tangulieni, mimi nitalikunja hema." Tukatangulia. Hema halikukunjwa. Nilipita Alhamisi yake nikamkuta ameketi kwenye mkeka uleule, nikamuuliza, "Kaka, bado uko?" akanijibu, "Nashikilia Pasaka ya mwakani, wataiwahi," nikacheka, nikapanda gari nikaenda zangu, na huko kucheka ndiko kunakoniuma hadi leo. Aliishi Kahaone miaka tisa na miezi minane.

Kazi ya kushika nafasi hakuiacha. Ninyi wenye watoto mnaijua kazi yake, kwa sababu mlikuwa mkipita hapa Alhamisi na kumwambia, "Mjomba, Jumamosi tuna sherehe, tushikie pale karibu na bomba la kuogea, tutakuletea sahani," naye akijibu, "Sahani moja haishiki kivuli, leteni na ya jirani yangu." Jirani ndiye huyu Risa wa hema la bluu. Mlileta, sikatai. Wengine mlileta hadi nguruwe wa kuokwa shimoni, na yeye akawa anachagua, anasema familia fulani nyama yao kavu, anawapa nafasi ya juani.

Lakini wakati huohuo watu walizidi kuongezeka chini ya miti ya mivinje, na siombi radhi kwa kuogopea watoto. Vyoo vilikuwa haviingiliki, mbwa walikuwa hawafungwi, kulikuwa na bwana mmoja akilewa anawatukana watoto wanaooga, na tarehe 5 Agosti 2023 mtoto wa miaka saba wa klabu yetu ya kupiga makasia alikanyaga sindano mchangani, akapimwa damu miezi sita mfululizo, na mama yake hakulala vizuri miezi yote hiyo. Mama anayeleta watoto pwani ana haki ya kuwavua viatu. Kwa hiyo mimi, katibu wa klabu, niliandika barua kwa watu wa jiji nikiomba wanaolala Kahaone wahamishwe, nikazunguka na karatasi za saini, na saini zikafika mia mbili na kumi na mbili. Zilikuwemo za familia zilizokuwa zikishikiwa nafasi, sitataja jina, mnajijua.

Delbert aliniona na ile karatasi. Akaniuliza, "Verna, unaandikisha nini?" nikamwambia mambo ya watoto. Akasema, "Lete nisome," akavaa miwani yake yenye mkono mmoja, akasoma yote taratibu, akasema, "Umeandika vizuri. Zile sindano hata mimi huwa naziokota kwa koleo la kuchomea nyama, nimejaza chupa mbili." Kisha akatia saini, ya arobaini na moja, mwandiko wake uleule wa kulalia kushoto, na alipomaliza akaweka kidole kwenye mstari mmoja akasema, "Hapa ulipoandika wahamishwe, andika na wapi." Nilimwambia karatasi imejaa. Haikuwa imejaa.

Jumanne tarehe 14 Novemba 2023 malori ya jiji yalikuja asubuhi, mahema yakaondolewa, na boksi lake la barafu lenye insulini na kitambulisho likaenda na lori. Jumamosi iliyofuata, tarehe 18, ilikuwa sherehe ya mwaka mmoja ya mjukuu wangu Mahina, na bustani ilikuwa safi kama nilivyoomba, ila hakukuwa na mtu wa kushika nafasi, familia mbili zikashikana mashati kwa ajili ya kivuli kimoja, na sisi tukazungushia kamba pale tulipopata. Saa sita mchana Delbert akaja. Alikuwa ameoga, amenyoa, amevaa shati la maua la kazini, na mkononi ana shada la maua meupe alilomtungia mtoto kwa mkono wake. Mgeni wetu mmoja, mama wa watu, hakumjua, akamzuia kwenye kamba akamwambia kwa upole, "Mjomba, samahani, hii ni shughuli ya familia." Akamjibu, "Najua, dada, ndiyo maana nimevaa shati."

Halafu akanitazama mimi. Nilikuwa nagawa wali, mkononi nina upawa, na nyuma yangu wamepanga foleni wazazi wote wa klabu waliotia saini kwa maneno yangu mimi. Nikainamia sufuria. Nilipoinua macho alikuwa ameshaondoka, na lile shada ameliacha likining'inia kwenye kamba. Siku hiyo sikula, lakini kutokula kwangu hakukumsaidia kitu.

Marehemu alikuwa na kisukari tangu mwaka 2006. Bila kitambulisho alihangaika wiki tano kupata dawa nyingine, akapata kidonda mguu wa kulia, na tarehe 28 Desemba 2023 Risa na mwanawe, waliokuwa wamerudi naye Kahaone, walimbeba hadi barabarani wakasubiri naye gari la wagonjwa. Alilazwa, mguu ukakatwa tarehe 4 Januari 2024, nikamwona kila siku kuanzia hapo, nikamwomba radhi, naye akasema, "Verna, wewe ulikuwa unagawa wali, usingeweza kuuacha upoe." Ndivyo alivyokuwa, anakutafutia yeye udhuru wako. Alifariki Ijumaa tarehe 26 Januari 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Daktari ameniambia sukari ilikuwa imeshamla siku nyingi, nami namwamini, ila barua niliiandika mimi.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya nne, hasa yule muuguzi wa asubuhi aliyekuwa akimwita bosi. Nawashukuru wafanyakazi wenzake kwa hema hili, ambalo wamelisimamisha kwa kugombania kila kamba, kila mmoja akisema Dela angeifunga vingine. Nawashukuru wazazi wa klabu mliokuja, najua wengine hamkuwa na raha kuja.

Na majirani. Juzi Alhamisi nilifika hapa kutafuta mahali pa kufanyia mazishi haya, maana majivu yake tutayapeleka majini na ngalawa za klabu, na nilijua Jumamosi kutakuwa kumejaa. Nikakuta pale karibu na bomba la kuogea mkeka wa marehemu umetandikwa, mawe manne kwenye pembe nne, na Risa ameketi katikati. Sikumtuma. Akaniambia, "Nenda kapike, mama, hapa hapaguswi." Amekaa hapo siku mbili, na leo asubuhi vijana wetu walipokuja kuzungushia kamba kwa mazoea, akanyanyuka akaenda kusimama nje ya kamba.

Kaka Harlan, samahani kwa kuharibu karatasi yako. Kabla ya chakula, nakuomba uifungue hiyo kamba. Watoto wabaki na viatu, sindano bado zipo, na hilo tutaliongea na majirani wakiwa wameketi na sahani mikononi, na barua nyingine nitaandika, safari hii na wapi.

Pumzika kwa amani, kaka Delbert. Tangulia wewe, hema tutalikunja sisi.