Neno la Mama Petronila

Na ndiyo maana, kama nilivyokuwa namwambia mume wangu pale mezani kabla sijaitwa, siwezi kumuaga mama huyu bila kueleza jinsi nilivyopata kuolewa.

Mheshimiwa Diwani, Mzee Keraryo mwenyekiti wa kijiji chetu, viongozi wa dini, wafanyakazi wa zahanati, ndugu wageni waalikwa mliotoka Bunda na Musoma, na wewe Mhoja, mume wangu wa wiki tatu, naomba mnivumilie. Nina furaha kiasi kwamba nilipokuwa naandika hotuba hii, kila nikifika kwenye jina la mume wangu nilisimama kwanza nikalisoma tena.

Leo anastaafu Mama Petronila, muuguzi aliyekuja kwetu kutoka Murangi akiwa msichana, akatuzalisha, akatuchanja, na mwaka juzi, katika vita ile ya malisho kati yetu na jirani zetu wa ng'ambo ya mto, akashona majeraha ya mishale ya vijana wa pande zote mbili. Nani amesahau siku ya tatu, yowe lilipopigwa na vijana wetu wakajipanga barabarani na pinde zao, Mhoja akiwa mbele? Mimi nilikuwa mchumba wake. Nilitaka kumzuia, lakini ningethubutuje? Tulikuwa tumeambiwa kwamba vita ikishaanza, anayeipinga ni adui.

Mama Petronila hakupiga kelele. Alikata matawi mabichi nyuma ya zahanati, akatugawia wanawake kumi na wanne, tukatembea polepole katikati ya barabara. Mnajua wenyewe, huku kwetu matawi na mwendo ule ni vya msiba, na mbele ya msiba hakuna anayeinua silaha. Vijana wakavua kofia, wakashusha pinde, wakakaa pembeni tupite. Hatukupita. Tulisimama palepale.

Mhoja akauliza kwa heshima, "Mama, nani amekufa?"

"Bado," Mama akasema. "Tumekuja mtuambie mmemchagua nani, tuanze kumlilia mapema."

Kijana mmoja alicheka, akajikuta anacheka peke yake. Mhoja akanitazama nikiwa na tawi langu, na ndugu zangu, sikutazamwa vile tena hadi siku ya harusi. Akatoka kwenye mstari. Wa pili akamfuata, na wa tatu, na jioni ile wazee wa pande mbili wakaketi wakazungumza.

Kesho yake Mama aliitwa barazani. Mzee Keraryo, wewe ni baba yangu, na nayasema haya ukiwepo. Ulimwambia, "Petronila, wewe huwaga unaongea sana. Wakati wa vita anayeongea anamsaidia adui."

Naye akakujibu, "Na nikinyamaza namsaidia nani, mzee? Mimi ndiye nawashonaga."

Watu walicheka, lakini adhabu ilipita: asisimame tena kusema katika mkutano wowote wa kijiji hiki. Ameitii miaka miwili, akikaa nyuma, mikono mapajani. Hata leo, katika sherehe yake mwenyewe, ratiba haina neno lake.

Baba, siku tunapoogopa kuliko siku zote, si ndiyo siku tunayomhitaji mtu wa kutuambia kwamba tunakosea? Mama angenyamaza, huenda ningekuwa namlilia mwanamume ambaye sikuwahi kuishi naye. Badala yake kila asubuhi naamshwa na huyo huyo, akiniimbia vibaya huku anachemsha chai, na sijasikia wimbo mtamu kama huo. Naomba, mbele ya watu hawa, adhabu ile iishe leo.

Naona umesimama, baba. Unasemaje?

Mmesikia wote? Amesema, "Mpe hicho kipaza sauti, maana wewe umeshaongea kuliko yeye."

Asante, baba. Kurasa zangu mbili zilizobaki nazikunja. Mama, nyumba yako ya Murangi tutaifikia mimi na Mhoja kabla mwezi huu haujaisha. Tutashinda kutwa nzima, na wewe ndiye utakayeongea.

Asanteni nyote kwa kunipa masikio yenu. Sasa mpeni yeye. Simama, mama.